Maisha ya Daktari Ignaz Semmelweis

Katika Kitabu cha Mwanzo twasoma habari za Raheli, mkewe Yakobo, jinsi uchungu ulivyomshika njiani karibu na Efrata, akamzaa Benyamini, naye mwenyewe akafa. Yakobo akasimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Makaburi ya namna hiyo yako katika sharika zetu zote. Sisi tulio wachungaji tumesimama kando yake mara nyingi, mtoto mchanga akilia mikononi mwa bibi yake, na baba akitazama chini asiseme neno. Nasi tumezoea kusema ya kuwa ni mapenzi ya Mungu, kisha twaenda zetu nyumbani.

Mwezi huu, wasomaji wapenzi, twataka kuwasimulia maisha ya mtu aliyesimama kando ya vitanda vya wazazi wengi waliokufa, yaani wanawake waliokwisha jifungua, asikubali kwenda zake nyumbani mpaka ajue sababu. Naye alipoijua, aliona ya kwamba sababu ilikuwa mkononi mwake mwenyewe.

1. Kuzaliwa kwake na masomo yake

Ignaz Philipp Semmelweis alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 katika mji wa Buda, nchi ya Hungaria. Zamani zile Buda na Pest ilikuwa miji miwili, mmoja ukingo huu wa mto Danube na mwingine ukingo wa pili. Mwaka 1873 iliunganishwa, ikawa mji wa Budapest. Baba yake alikuwa mwenye duka la vyakula, mtu aliyejiweza, naye alijaliwa watoto kumi. Ignaz alikuwa wa tano. Walikuwa watu wa Kanisa la Roma. Nyumbani walisema Kijerumani, lakini kwa matamko ya watu wa Buda, na hata alipokuwa mtu mzima aliona shida kuandika lugha ya vitabuni kwa ufasaha. Twaomba msomaji alikumbuke jambo hili dogo, maana baadaye lilileta hasara kubwa.

Mwaka 1837 alipelekwa Vienna, mji mkuu wa Kaisari wa Austria, ambaye Hungaria nayo ilikuwa chini yake. Baba yake alimtaka asome sheria. Lakini baada ya muda si mrefu aliiacha sheria, akageukia udaktari, na mwaka 1844 alimaliza masomo yake. Kisha akachagua kazi ambayo wakati ule haikuhesabiwa kuwa na heshima kubwa, ndiyo kazi ya kuwahudumia wanawake wanaojifungua.

2. Sehemu mbili chini ya dari moja

Katika Vienna palikuwa na hospitali kubwa sana, iliyofunguliwa mwaka 1784. Wanawake maskini walijifungulia humo pasipo kulipa, na kwa ajili hiyo walikubali wanafunzi wajifunze kwao. Mahali pa kujifungulia paligawanywa sehemu mbili. Tangu mwaka 1840 sehemu ya kwanza ilikuwa ya wanafunzi wa udaktari, na sehemu ya pili ilikuwa ya wanawake waliojifunza ukunga. Siku moja wazazi walipokewa sehemu ya kwanza, siku ya pili walipokewa sehemu ya pili, wakipishana hivyo mwaka mzima. Basi mwanamke hakuchagua pa kwenda. Siku aliyoshikwa na uchungu ndiyo iliyomchagulia.

Tarehe 1 Julai 1846, siku aliyotimiza miaka 28, Semmelweis alianza kazi katika sehemu ya kwanza, akiwa msaidizi wa Profesa Johann Klein. Na mara alikutana uso kwa uso na adui aliyepigana naye maisha yake yote, ndiyo homa ya uzazi.

Homa hiyo ilikuja hivi. Mwanamke amejifungua salama, mtoto yu hai, jamaa wanashukuru. Siku ya pili au ya tatu hushikwa na baridi, akatetemeka. Kisha mwili huwaka moto, tumbo huvimba na kuuma hata asiweze kuvumilia uzito wa shuka, moyo hupiga mbio, na baada ya siku chache amekufa. Mara nyingi mtoto naye alimfuata, kwa ugonjwa ule ule.

Ugonjwa huu ulikuwako katika hospitali zote za Ulaya. Lakini katika Vienna palikuwa na jambo la kushangaza. Mwaka 1846 walijifungua wanawake 4,010 katika sehemu ya kwanza, wakafa 459, yaani zaidi ya 11 katika kila 100. Katika sehemu ya pili mwaka ule ule walijifungua 3,754, wakafa 105, yaani wasiofika 3 katika kila 100. Hewa moja, chakula kimoja, mji mmoja; wala haukuwa mwaka ule tu, bali mwaka kwa mwaka ilikuwa vivyo hivyo.

Wanawake wa Vienna hawakuhitaji kusoma hesabu hizi. Walijua. Walipoambiwa ya kuwa leo ni siku ya sehemu ya kwanza, walipiga magoti wakiwasihi madaktari wawaache waondoke. Wengine walijifungulia njiani kabla ya kufika mlangoni. Na hao waliozaa barabarani, penye mavumbi na baridi, pasipo daktari, walikufa wachache kuliko wale waliotunzwa na wenye elimu. Semmelweis aliandika baadaye jinsi mambo haya yalivyomfanya kuwa mtu mwenye huzuni, asione tena thamani ya maisha yake.

3. Jinsi alivyotafuta sababu

Wakubwa wa elimu walikuwa na maneno mengi ya kueleza. Wengine walisema ni nguvu fulani mbaya itokayo angani na ardhini, ienezwayo na hewa. Wengine walisema ni hofu, au aibu, au maziwa yaliyopotea njia mwilini. Tena walikuwako waliosema ya kwamba ndivyo ilivyo, wala hakuna la kufanya.

Semmelweis aliyachukua maneno haya moja moja, akayapima. Kama ni hewa, yawezaje kuua upande mmoja wa ukuta na kuacha upande wa pili? Kama ni msongamano wa watu, basi sehemu ya pili ndiyo iliyojaa zaidi, maana wanawake waliikimbilia. Aliona ya kuwa katika sehemu ya pili wanawake walijifungua wakilala ubavu, akaamuru katika sehemu ya kwanza wafanye vivyo hivyo, wakaendelea kufa. Aliona tena ya kuwa padre alipokuja kuwapa wanaokufa sakramenti ya mwisho, alipita katikati ya vyumba vya sehemu ya kwanza na mtumishi mwenye kengele akimtangulia, na kila aliyesikia kengele aliogopa. Akamwomba padre apite njia nyingine, pasipo kengele. Padre akakubali. Wanawake wakaendelea kufa.

Naye kila siku asubuhi na mapema, kabla ya kuingia kazini, alikwenda kwenye nyumba ya maiti, akawapasua wanawake waliokufa, apate kuona ugonjwa ulivyo. Alifanya hivyo kwa bidii kuliko wote waliomtangulia. Kisha alikwenda moja kwa moja kwa wazazi walio hai na kuwapima kwa mikono ile ile.

Mwezi wa Machi 1847 alikwenda Venice kupumzika. Aliporudi alipata habari ya msiba. Rafiki yake Jakob Kolletschka, profesa wa elimu ya kuchunguza maiti kwa ajili ya mambo ya sheria, amekufa. Alikuwa akipasua maiti, na mwanafunzi mmoja kwa bahati mbaya alimchoma kidole kwa kisu. Mkono ukavimba, homa ikamshika, akafa. Semmelweis alisoma maandiko ya waliouchunguza mwili wa rafiki yake. Mambo waliyoyaona ndani yake yalikuwa ni yale yale aliyoyaona yeye mara mamia katika miili ya wazazi waliokufa, na ya watoto wao.

Mawazo hayo yakamshika usiku na mchana. Kolletschka hakuwa mwanamke, wala hakuzaa. Kama ugonjwa ni mmoja, sababu yake nayo ni moja: kitu kilichooza, kilichotoka katika maiti, kimeingia katika damu yake. Kwa Kolletschka kiliingizwa na kisu. Kwa wazazi kiliingizwa na nini? Ndipo alipoiona mikono. Wanafunzi wa udaktari na waalimu wao walitoka kupasua maiti wakaja kuwapima wazazi; walinawa kwa maji na sabuni, lakini harufu ya maiti ilibaki vidoleni, na ikiwa harufu ilibaki, basi kitu chenyewe kilibaki. Wakunga wa sehemu ya pili hawakupasua maiti. Hiyo ndiyo tofauti iliyotafutwa na wote.

Hapa twaona jambo linaloupima moyo wa mtu. Semmelweis angaliweza kunyamaza. Angaliweza kutengeneza desturi polepole asiseme kwa nini. Lakini alikiri, tena baadaye kwa maandiko yaliyosomwa na watu wote, ya kwamba yeye mwenyewe, kwa kuwa alikwenda kwa maiti kuliko wengine, amewapeleka kaburini kabla ya wakati wanawake ambao hesabu yao Mungu peke yake aijua.

4. Beseni la mlangoni

Katikati ya mwezi wa Mei 1847 aliamuru beseni liwekwe, na kila mtu aingiaye kwa wazazi, mkubwa kwa mdogo, aoshe mikono yake kwa dawa ya klorini. Baadaye alitumia chokaa ya klorini kwa sababu bei yake ni ndogo. Hakuichagua kwa kuwa alijua inaua vijidudu, maana habari za vijidudu vya ugonjwa huu hazijajulikana bado. Aliichagua kwa kuwa inaondoa harufu.

Basi msomaji na atazame hesabu. Mwezi wa Aprili, kabla ya beseni, walijifungua wanawake 312, wakafa 57. Mwezi wa Juni walijifungua 268, wakafa 6. Mwezi wa Julai 250, wakafa 3. Mwezi wa Agosti 264, wakafa 5. Watoto nao, waliokuwa wakiambukizwa na mama zao, waliokolewa pamoja nao.

Lakini elimu yake haijatimia bado. Mwezi wa Oktoba mwaka ule aliingia mwanamke mwenye saratani ya kizazi inayotoa usaha. Alilazwa kitanda cha kwanza, na madaktari walianza kumpima yeye kisha wakawapima waliofuata kwa safu. Walikuwa wamenawa kwa dawa mlangoni, lakini baada yake walinawa kwa sabuni tu. Wanawake kumi na wawili walijifungua wakati huo. Kumi na mmoja wakafa. Mwezi uliofuata alikuja mwanamke mwenye goti lililooza, na wengine wakaambukizwa tena. Kwa hiyo Semmelweis alijifunza kwa uchungu ya kuwa sumu haitoki kwa maiti tu. Kidonda cha mtu aliye hai chaweza kuitoa vilevile. Akaagiza mikono ioshwe kwa dawa kati ya mgonjwa na mgonjwa, na wenye vidonda vya kuoza watengwe na wazazi.

Mwaka 1848, mwaka mzima wa kwanza wa desturi hiyo, walijifungua katika sehemu ya kwanza wanawake 3,556, wakafa 45. Katika sehemu ya pili walijifungua 3,219, wakafa 43. Tofauti ya miaka mingi imekwisha. Katika mwaka ule ilikuwako miezi miwili ambayo hakufa hata mmoja.

5. Kwa nini walimkataa

Mtu aweza kudhani ya kuwa baada ya hayo mabeseni yaliwekwa katika hospitali zote za Ulaya, na watu wakamshukuru Mungu. Haikuwa hivyo. Wachache waliamini, wengi walikataa, na sababu zao zafaa zifikiriwe.

Ya kwanza, hakuweza kuwaonyesha kitu chenyewe. Alisema kuna uchafu usioonekana. Wao wakataka kuuona. Tena si wa kwanza kusema hivyo. Alexander Gordon wa Aberdeen, katika Uskoti, mwaka 1795 aliandika ya kwamba madaktari na wakunga hupeleka homa ya uzazi kutoka kwa mzazi mmoja kwa mwingine, naye hakutaja wakunga tu, bali alijitaja na mwenyewe. Oliver Wendell Holmes wa Boston, Marekani, aliandika neno kama hilo mwaka 1843. Wote wawili walichukiwa kwa ajili yake.

Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Kuosha mikono katika beseni lile kulikuwa ni kukiri. Daktari aliyenawa leo alikubali ya kuwa jana hakunawa, na kwamba wale waliokufa jana aliwaua yeye. Gustav Adolf Michaelis, profesa mwema wa mji wa Kiel, aliisoma habari hii akaiamini mara moja, akaiweka desturi hiyo katika hospitali yake. Lakini binti wa ndugu za wazazi wake alikuwa amekufa baada ya kujifungua chini ya mikono yake mwenyewe. Moyo wake ulivunjika, hakupata mtu wa kumfariji, na mwaka 1848 alijiua. Wengine waliona mzigo huo, wakaukataa kabla haujawafikia. Walisema Semmelweis anawatukana watu waungwana.

Ya tatu lazima tuiseme, ijapokuwa twampenda. Kosa jingine lilikuwa la Semmelweis mwenyewe. Alinyamaza. Kwa kuwa aliona shida kuandika, hakuandika. Rafiki zake, Ferdinand von Hebra na Josef Skoda, walieneza habari kwa niaba yake, lakini hawakuieleza yote. Watu wa nchi za mbali wakadhani anasema habari za maiti tu, nao waliokuwa hawapasui maiti walijiona hawana hatia. Mwezi wa Mei 1850 alisimama mwenyewe mbele ya chama cha madaktari wa Vienna, akanena vizuri. Lakini hata hayo hakuyaandika katika kitabu.

Siku zile, tena, zilikuwa za machafuko. Mwaka 1848 watu wa Vienna waliinuka juu ya serikali, na watu wa Hungaria vilevile. Muda wa kazi yake ulipokwisha mwezi wa Machi 1849, Profesa Klein hakukubali uongezwe. Mwezi wa Oktoba 1850 alipewa ruhusa ya kufundisha, lakini kwa sanamu tu. Akaona amedharauliwa, baada ya siku chache aliondoka Vienna, asiwaage hata rafiki zake waliomtetea. Nao walihuzunika sana.

6. Kazi yake katika Pest

Mwezi wa Mei 1851 alipewa kuwasimamia wazazi katika hospitali ya Mtakatifu Rochus mjini Pest. Alifanya kazi huko miaka sita, na katika wanawake 933 waliojifungua, walikufa kwa homa ya uzazi 8. Mwaka 1855 akafanywa profesa katika chuo kikuu cha Pest. Huko alipigana na wakubwa kwa ajili ya mashuka, maana aliona ya kuwa mashuka machafu nayo yaua, na wakubwa walitaka ufuaji wa bei ndogo.

Mwaka 1857 alimwoa Maria Weidenhofer. Mungu aliwapa watoto watano, lakini wa kwanza alikufa mara baada ya kuzaliwa, na wa pili, binti, alikufa mchanga. Basi mtu huyu aliyewaokolea wengine watoto wao, aliwazika wake.

Hatimaye, mwaka 1861, kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani, miaka kumi na minne baada ya beseni la kwanza. Kilikuwa kitabu kikubwa, chenye hesabu nyingi, chenye kurudiarudia maneno, na chenye hasira. Wengi walikilaumu. Ndipo alipoandika barua za wazi kwa maprofesa wakubwa, kwa majina yao, akiwaita wauaji mbele ya Mungu na watu. Katika jambo lenyewe alisema kweli; lakini kweli iliyotupwa kama jiwe huwafanya watu wakinge vichwa vyao. Waliokuwa wakisitasita wakawa adui. Na katika miaka ile ya ugomvi wazazi waliendelea kufa, wala hawakujua ya kuwa wenye elimu wanashindana juu yao.

7. Kufa kwake

Mwaka 1865 akili yake ilianza kuvurugika, wala haijulikani kwa hakika ugonjwa wake ulikuwa nini. Tarehe 30 Julai alipelekwa Vienna, na Hebra, rafiki yake wa zamani, alimwongoza kwa hila mpaka nyumba ya wagonjwa wa akili. Alipotambua mahali alipo alitaka kutoka. Walinzi wakampiga vibaya, wakamfunga. Jeraha la mkono wake likaoza, sumu ikaingia katika damu. Tarehe 13 Agosti 1865 akafa, mwenye umri wa miaka 47, kwa ugonjwa wa namna ile ile iliyomwua Kolletschka na wazazi wote wale. Walioandamana kwenda kumzika walikuwa wachache.

Siku moja kabla ya kufa kwake, tarehe 12 Agosti, katika mji wa Glasgow, daktari Joseph Lister alitia dawa ya karboli katika kidonda cha mtoto mwanamume aliyevunjika mguu, apate kukizuia kisioze. Na mtoto akapona. Kutoka siku ile usafi wa waganga ulianza kuenea duniani. Mwaka 1879, mbele ya wenye elimu wa Paris, Louis Pasteur alichora ubaoni vijidudu vinavyoshikamana kama shanga katika uzi, akaeleza ya kuwa hivyo ndivyo viletavyo homa ya uzazi. Kitu alichokisema Semmelweis, na watu wakamwomba awaonyeshe, kikaonekana.

Mwaka 1891 mifupa yake ilirudishwa Budapest. Sasa imewekwa katika nyumba ile aliyozaliwa, na tangu mwaka 1969 chuo kikuu cha waganga cha mji ule chaitwa kwa jina lake. Watu wengi humwita mwokozi wa akina mama. Sisi Wakristo twamwekea jina hilo Mmoja tu. Lakini twaelewa kwa nini wanasema hivyo.

8. Yatupasayo sisi

Wasomaji wapenzi, habari hizi si za kale tu. Umoja wa Mataifa wakadiria ya kuwa mwaka 2023 walikufa duniani wanawake kama 260,000 kwa sababu ya mimba na uzazi, na wengi wao walikuwa wa Afrika kusini ya Sahara. Watoto waliokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja, katika mwaka 2022, walikuwa kama milioni 2 na laki 3. Si wote waliouawa na mikono michafu. Kuna kutoka damu, kuna kifafa cha mimba, kuna watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Lakini maambukizo yangali katika orodha ile, nayo ndiyo yazuilikayo kwa maji na sabuni.

Kwa hiyo mwinjilisti anayeaminiwa na watu asione haya kuwafundisha. Mzazi na aende kujifungulia mahali penye mkunga aliyefundishwa. Mtu asimguse mzazi wala mtoto kabla ya kunawa kwa sabuni na maji yanayomiminwa. Wembe wa kukata kitovu uwe mpya, na uzi wa kukifunga uwe safi. Kitovu kisipakwe mavi ya ng'ombe, wala majivu, wala mafuta. Kiachwe kikauke, isipokuwa mwuguzi ametoa dawa. Mama akishikwa na homa au kutetemeka baada ya kuzaa, au akitokwa na uchafu wenye harufu mbaya, apelekwe hospitali siku ile ile, asingojwe mpaka kesho. Na mtoto akikataa kunyonya, au mwili wake ukiwa moto sana au baridi, vivyo hivyo.

Nasi wachungaji tuna la kukiri. Mara ngapi tumetoka makaburini, tumeshika udongo, tumewapa mkono wafiwa mia, kisha njiani tukaingia katika nyumba ya mzazi aliyejifungua juzi, tukampakata mtoto na kumbariki, pasipo kuomba maji? Tulikuja kwa upendo, kama madaktari wale wa Vienna walivyokuja kwa wema. Na baadaye, ikiwa mtoto alikufa, tulirudi tukasema ya kuwa ni mapenzi ya Mungu. Hatujui kama sisi ndio tuliomletea ugonjwa. Lakini hatuwezi tena kusema ya kwamba hatukuwaza neno hili.

Pilato alinawa mikono mbele ya makutano ili aonyeshe ya kuwa hana hatia. Semmelweis aliwataka waganga wanawe kwa kuwa wana hatia. Tusiyachanganye maji hayo mawili. Na tukiisha kuijua kweli, tuwaambie wakunga wetu na bibi zetu wa vijijini kwa upole na heshima, tukianza na kosa letu wenyewe, wasije wakafunga masikio kama walivyofanya maprofesa wale. Kisha, tukiitwa tena kando ya kaburi kama lile la Raheli, tutawafariji waliofiwa kwa neno la ufufuo. Lakini kabla ya kusema lolote juu ya mapenzi ya Mungu, na tuulize kwanza kama mikono ilinawiwa.